Taa ya usiku na machicha ya kahawa: ushauri uliopotea njia ukaingia bustanini kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala fupi iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa kilimo. Makala hiyo iliwashauri wasomaji wenye bustani nyumbani wafanye mambo mawili: wawashe taa juu ya mboga na maua yao hadi mimea ipate saa 18 za mwanga kwa siku, ili usiku usipite bure, na wamwage machicha ya kahawa kuzunguka mashina kila asubuhi, kwa kuwa machicha ni mbolea isiyonunuliwa. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na tangu nistaafu ninalima bustani ndogo huku Rau, Manispaa ya Moshi. Tangu makala ile itoke, majirani watatu wamekuja kuniuliza balbu ya wati ngapi inafaa kwa sukuma wiki. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu ushauri ule haukutungwa kwa ajili ya bustani za Moshi wala za Arusha, na ule wa taa, kwa jinsi ninavyouelewa, haukutungwa hata kwa ajili ya mboga.

Nianze na hizo saa 18. Namba hiyo inajulikana sana kwa watu wanaolima bangi ndani ya nyumba katika nchi ambazo sheria zinawaruhusu, kama Kanada, iliyohalalisha matumizi yake mwaka 2018. Huipa mimea saa 18 za mwanga na saa 6 za giza ili iendelee kutoa matawi na majani bila kuchanua, kisha hugeuza ratiba kuwa saa 12 kwa saa 12 wanapotaka maua yatoke. Wanaoilima nje huihofia taa ya barabarani, kwa sababu ikiangaza mmea usiku maua huchelewa au huvurugika. Mpwa wangu aliniletea kwenye simu maandishi ya namna hiyo, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, jina la mmea likiwa limeondolewa na badala yake kuandikwa mimea ya bustani, na ndani yake taa na machicha ya kahawa vilifuatana kama vilivyofuatana katika gazeti lako. Hapa nchini kulima bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na sina nia ya kumfundisha mtu yeyote kuilima. Nimeitaja kwa kuwa bila kujua asili ya ushauri huu msomaji hawezi kuona kasoro yake: taa ile iliwekwa ili kuuzuia mmea usichanue, nasi tumeambiwa kwamba ni chakula cha mmea.

Jambo hili lina historia inayofaa kusimuliwa. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walitoa matokeo yao kuhusu aina moja ya tumbaku, Maryland Mammoth, ambayo wakati wa kiangazi ilirefuka mno shambani bila kuchanua, lakini ilipooteshwa ndani ya banda la vioo wakati wa baridi, siku zikiwa fupi, ilichanua ikiwa bado ndogo. Walipofupisha siku kwa kuingiza mimea gizani mapema, ilichanua hata katikati ya kiangazi. Mwaka 1938 watafiti wengine wawili, Hamner na Bonner, walionyesha kwamba kinachopimwa na mimea ya namna hiyo ni urefu wa giza lisilokatizwa, kwa kuwa mwanga wa muda mfupi tu katikati ya usiku ulitosha kufuta kazi ya usiku mzima. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya majani mna kitu kinachoitwa fitokromu, ambacho mwanga mwekundu hukigeuza kuwa katika hali moja, nacho gizani hurejea polepole katika hali nyingine, na mageuzi hayo, yakishirikiana na saa ya ndani ya mmea, huusaidia mmea kutambua usiku umekuwa mrefu kiasi gani.

Sasa tuitazame Moshi. Tuko takribani nyuzi 3 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, na siku fupi kuliko zote, mwezi Juni, haifiki hata nusu saa. Mjini London siku ya Juni huzidi saa 16 na siku ya Desemba haifiki saa 8. Mkulima wa huko akiongeza mwanga wakati wa baridi anajaribu kurudisha kitu ambacho majira yamemnyang'anya. Sisi majira hayajatunyang'anya chochote, kwa sababu mimea tuliyorithi kwa wazee imezoea usiku wa karibu saa 12 mwaka mzima, na mingi kati yake hutegemea usiku huo ili ichanue.

Mfano ninaoujua kwa macho yangu ni wa ngwara. Msomaji wa Arusha na Kilimanjaro hahitaji kuelezwa ngwara ni nini, na wa pwani ataijua kwa jina la fiwi; kwa wengine, ni mmea wa jamii ya maharage unaotambaa. Mbegu zetu za asili za ngwara zinataka usiku mrefu ili zitoe maua. Miaka miwili iliyopita nilipanda ngwara wakati wa masika, ikatambaa juu ya uzio wa upande wa mashariki, uzio wenye urefu wa hatua 20 hivi. Mwaka huohuo jirani yangu alifunga taa kubwa ya ulinzi kwenye nguzo ya geti lake, nayo ilimulika nusu ya uzio ule tangu jua linapozama hadi asubuhi. Ilipofika Julai, nusu iliyokuwa gizani ilikuwa na maua ya zambarau na maganda machanga, na nusu iliyomulikwa ilikuwa na majani mazito ya kijani, ya kupendeza kuliko ya upande wa pili, bila ua hata moja. Udongo ulikuwa mmoja, mbegu zilitoka katika mfuko mmoja, na maji niliyamwaga kwa mkono uleule.

Nilimwendea jirani, mama anayeuza vitenge sokoni, nikamweleza. Akaniambia, "Mwalimu, shikamoo, lakini taa yangu inakuibia nini wakati inakulindia na nyumba yako?" Nikamjibu kwamba taa hainiibii, ila inaidanganya ngwara kwamba usiku haujaingia. Tukakubaliana nitengeneze kifuniko cha bati juu ya taa ili mwanga ushuke getini pake tu. Wiki ya nne baada ya hapo vikonyo vya maua vilianza kuonekana katika nusu ile iliyokuwa tasa, na mwishoni mwa msimu tulichuma pamoja, sahani yake na yangu. Sidai kwamba uzio wangu ni kituo cha utafiti. Nasema tu kwamba jambo lililoelezwa vitabuni nimeliona likitokea uani kwangu, na mtu yeyote mwenye ngwara, mbaazi za asili au soya karibu na taa ya barabarani anaweza kwenda kulitazama jioni hii. Wakulima wa soya wa jimbo la Illinois, Marekani, hulifahamu vizuri, kwa kuwa sehemu ya shamba iliyo chini ya taa za barabara kuu hubaki kijani wakati shamba lote limeshakauka tayari kwa kuvunwa.

Wako watakaouliza kama mwanga wa ziada hauwezi kusaidia basi mboga za majani, ambazo hatuzisubiri zichanue. Hesabu haikubali. Jua la adhuhuri hutoa mwanga unaokaribia luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), na taa ya uani, kwa umbali wa mita tatu au nne, hutoa luksi makumi machache tu. Kwa mwanga huo jani halitengenezi chakula cha maana. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, nami nilipokuwa nikifundisha niliona wanafunzi wakichanganyikiwa vilevile: mwanga hufanya kazi mbili tofauti katika mmea, moja ya kuulisha na nyingine ya kuupa habari za wakati, na kazi ya pili inahitaji mwanga mdogo mno ukilinganisha na ya kwanza. Balbu ya uani haiwezi kuulisha mmea lakini inaweza kuudanganya. Balbu ya wati 20 ikiwaka saa 11 kila usiku hula uniti 6.6 kwa mwezi, na mwenye sukuma wiki atazilipia bila kupata hata fungu moja la nyongeza. Kuna pia nondo, ambao huvutwa na taa na baadhi yao ni wazazi wa viwavi tunaohangaika nao, akiwemo kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017. Kuwasha taa juu ya mahindi machanga ni kuwakaribisha.

Kwa haki, niseme kwamba taa ya usiku ina matumizi yake halali, na walio karibu na Usa River wanajua kwamba si nyumba za kulala wageni peke yake zinazowaka usiku upande ule wenye mashamba ya maua. Krisanthemamu ikipandwa chini ya usiku wetu wa saa 12 huchanua ikiwa fupi kiasi kwamba haifai kukatwa kwa ajili ya soko. Kwa hiyo wakulima wa maua hayo huikatizia usiku kwa taa, mara nyingi kwa saa nne hivi za katikati, tuseme kuanzia saa 4 hadi saa 8 usiku, hadi shina lifikie urefu unaotakiwa, kisha huzima na kuuachia usiku ufanye kazi yake, na wiki saba hadi kumi hivi baadaye, kutegemea aina, maua huwa tayari. Anayezalisha vipando vya maua hayo huendelea kuwasha, kwa sababu anachouza ni ncha za matawi ambazo hazijaanza kuchanua. Hawa ni watu wanaojua mmea wao unataka nini, wanazima kwa tarehe iliyoandikwa, na wanatumia taa kwa lengo lilelile la kuahirisha maua. Mama wa Majengo aliyepanda krisanthemamu kando ya ukumbi wa nyumba yake ili auzie harusi za Desemba, akafuata ushauri wa kuwasha taa kila usiku bila kuzima, atafika Desemba akiwa na majani.

Nitoke kidogo kwenye maua niguse vitunguu, maana kosa ni lilelile kutoka upande mwingine. Kila mwaka nakutana na mtu aliyenunua mbegu za vitunguu kutoka Ulaya kwa sababu picha ya pakiti ilimvutia, naye analalamika kwamba vimetoa majani kama vitunguu vya kijani na shingo nene bila kufunga. Vitunguu vya huko vingi vinasubiri siku ya saa 14 au zaidi ndipo vianze kujaza, siku ambayo hapa haitakuja kamwe. Vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu, hujaza katika siku zetu za saa 12 kwa sababu ni vya aina inayoridhika na siku fupi. Mkulima wa Mang'ola hahitaji taa, anahitaji mbegu inayolingana na mahali alipo.

Sasa machicha ya kahawa. Sisi wa Kilimanjaro tumeishi na kahawa tangu wamisionari wa Kilema walipoileta mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wetu waliyarudisha maganda ya buni chini ya migomba kihambani, yaani katika shamba la kuzunguka nyumba, pamoja na samadi. Nadhani kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya watu waukubali ushauri huu haraka. Lakini maganda ya buni na machicha ni vitu viwili. Maganda ni nyama na ngozi ya tunda, na yana potasiamu nyingi ambayo mgomba huipenda. Machicha ni mbegu iliyokaangwa, ikasagwa, ikachemshwa, nayo hapa mjini hutoka katika mikahawa na hoteli zinazopokea wapanda mlima, na kidogo chini ya madele ya wauza kahawa wa mitaani. Hata maganda yenyewe wazee hawakuyamwaga mabichi kwenye shina la mche wa mboga. Yalikaa yakavunda kwanza.

Machicha yana naitrojeni inayokaribia asilimia 2 ya uzito wake yakiwa makavu, na hilo ndilo jambo la kweli katika ushauri ule. Tatizo ni kwamba naitrojeni hiyo imefungwa ndani ya vitu ambavyo lazima vijidudu vya udongo vivivunje kwanza, na wakati vinapofanya kazi hiyo huchukua naitrojeni iliyopo karibu kwa matumizi yavyo, mche ukabaki na njaa. Tena machicha hubaki na kiasi cha kafeini na vitu vingine vichungu ambavyo mti wa kahawa hujitengenezea kwa ajili ya kujilinda, navyo huweza kuzuia mbegu kuota na mizizi michanga kukua. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya jaribio ambalo walichanganya machicha mabichi na udongo wa aina mbalimbali kisha wakaotesha brokoli, liki, figili, viola na alizeti, na mimea yote ilikua vibaya kuliko ile isiyopewa machicha, hata ilipoongezewa mbolea. Naomba msomaji atambue kwamba brokoli na sukuma wiki ni mmea wa spishi moja.

Nami nilikuwa nimeshafanya kosa hilo kabla ya kusoma habari hizo. Nilipewa ndoo mbili za machicha na kijana anayefanya kazi katika mkahawa mmoja mjini, nikayatandaza unene wa kidole kimoja kwenye tuta la miche 20 ya sukuma wiki, na tuta la pili lenye miche 20 nikaliacha kama lilivyo. Baada ya wiki moja juu ya tuta la kwanza palikuwa na gamba gumu, na maji ya kumwagilizia yaliteleza pembeni kama juu ya bati. Baada ya wiki tatu majani ya chini yalikuwa ya manjano na miche ilikuwa mifupi kuliko wenzake kwa upana wa kiganja. Niliyakwangua, nikaweka samadi iliyooza, na ilichukua mwezi mzima miche hiyo kurudi katika hali nzuri. Ningekuwa mkulima anayetegemea tuta lile kulipa ada ya mtoto, mwezi huo ungeniumiza sana.

Naona pia ni vizuri kurekebisha dhana kwamba machicha yanatia udongo asidi nyingi. Asidi ya kahawa huyeyuka katika maji, na kwa hiyo sehemu kubwa huingia kikombeni na kunywewa, machicha yakabaki na asidi kidogo tu. Mwenye udongo wenye magadi, kama wapo wengi katika tambarare za chini ya Moshi, asitegemee machicha yamrekebishie.

Njia sahihi ni kuyapitisha kwenye mboji. Kipimo ninachokifuata ni ndoo moja ya machicha kwa ndoo nne za vitu vingine: majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, nyasi, samadi ya mbuzi au ng'ombe, mabaki ya jikoni. Rundo likiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa na likageuzwa kila baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu hivi huwa jeusi, hunukia udongo wa msituni, na machicha hayaonekani tena. Hapo ndipo yanapofaa kuitwa mbolea. Wenye mbwa wazungushie rundo uzio, kwa sababu kafeini ni sumu kwa mbwa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa kilimo urekebishe ushauri ule mapema kabla watu hawajaandaa matuta ya vuli, na kwamba siku zijazo makala za namna hiyo zipitiwe na mtu anayelima au kutafiti katika mazingira yetu. Mkoa wa Arusha una watafiti wa mboga na matunda pale Tengeru na una Kituo cha Mboga cha Dunia palepale jirani na Duluti, na maofisa ugani wa kata hawako mbali kiasi cha kutofikika. Ombi la pili nalielekeza kwa wanaoweka taa za barabarani katika manispaa yetu na katika Jiji la Arusha. Taa hizo tunazihitaji, na mimi ninayerudi nyumbani kwa miguu kutoka kwaya nazishukuru. Ila kifuniko kinachoelekeza mwanga barabarani badala ya kuutawanya hadi kwenye nyua za watu kingelinda ngwara na mbaazi za wengi.

Wale majirani watatu nimewaomba wasinunue balbu hadi wasome jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Rau, Moshi